Mlango wa Anga: Bessie Coleman na Leseni ya 1921

Asubuhi ya Alhamisi, Mei 14, 1931, ndege ndogo ya manjano aina ya Gipsy Moth ilipaa kutoka Voi, ikazunguka juu ya kiwanja, kisha ikaporomoka na kuwaka moto. Waliokuwamo wote wawili walikufa. Rubani alikuwa Denys Finch Hatton, mwindaji wa Kiingereza aliyekuja nyika ya Taita kutafuta tembo akiwa angani, ili baadaye awaongoze wateja wake matajiri kwenda kuwawinda. Abiria wake alikuwa mtumishi wa Kikuyu aliyeitwa Kamau.

Denys ameandikiwa vitabu, na mwaka 1985 maisha yake yakaigizwa katika filamu iliyozoa tuzo za Oscar. Habari za Kamau zinaishia kwenye jina lake.

Nusura awepo mtu wa tatu. Denys alikuwa amemwalika Beryl Markham, mwanamke wa kilowezi aliyekuwa akijifunza urubani Nairobi, waende naye Voi. Mwalimu wa Beryl, Tom Campbell Black, akamsihi asiende safari ile, naye akasikia. Beryl akabaki hai, na baadaye akawa rubani anayejulikana duniani kote.

Ukiitazama ajali ile kwa makini, unaona kwamba anga la Kenya lilikuwa na madaraja kama mabehewa ya reli iliyopita hapo hapo Voi. Mwanamume wa Kizungu alishika usukani. Mwanamke wa Kizungu alialikwa, akakataa kwa hiari yake. Mwafrika alipanda kwa sababu bwana wake amepanda.

Hata hivyo, karibu miaka kumi kabla ya moto ule, mwanamke Mweusi alikuwa ameshapata leseni ya urubani inayotambuliwa duniani. Hakuwa Mkenya. Alikuwa mfua nguo kutoka mashamba ya pamba ya Texas, na jina lake ni Bessie Coleman.

Binti wa pamba

Bessie alizaliwa Januari 26, 1892, mahali paitwapo Atlanta. Huu si ule mji mkubwa wa jimbo la Georgia, ni mji mdogo wenye jina hilohilo katika jimbo la Texas. Alikuwa mtoto wa kumi kati ya 13 wa George na Susan Coleman, watu waliolima ardhi ya wengine na kugawana mavuno na mwenye shamba. Bessie alipokuwa na miaka miwili, familia ilihamia Waxahachie, mji wa pamba kusini mwa Dallas.

Aliyekulia kando ya mashamba ya mkonge ya Mwatate, Voi au Taveta anaelewa haraka maisha yanayopangwa na zao moja. Waxahachie zao hilo lilikuwa pamba, na hata kalenda ya shule iliifuata. Bessie alitembea zaidi ya kilomita sita kufika kwenye shule ya watoto Weusi, chumba kimoja kilichobeba madarasa yote. Pamba ilipopasuka, masomo yalisimama ili watoto wakavune. Hata hivyo akawa mkali wa hesabu, somo ambalo baadaye lingemfaa kuliko alivyodhani.

Mwaka 1901 baba yake, aliyekuwa na damu ya Wahindi Wekundu, alichoshwa na ubaguzi wa Texas akaamua kuhamia Oklahoma, kwenye ardhi zilizotengewa wenyeji hao. Susan hakumfuata. Alibaki na watoto, akaenda kufanya kazi za nyumbani kwa Wazungu, na Bessie akageuka mlezi wa wadogo zake. Alipokua alianza kufua nguo za watu na kuweka akiba. Mwaka 1910 akiba hiyo ikampeleka kwenye chuo cha Weusi cha Langston, Oklahoma. Fedha zikatosha muhula mmoja tu. Akarudi kwenye beseni la kufulia.

Mwaka 1915, akiwa na miaka 23, aliondoka Kusini akawafuata kaka zake Chicago. Huko alipata kazi ya kutengeneza kucha katika kinyozi kilichoitwa White Sox. Kinyozi ni mahali pa habari popote duniani, na habari kubwa ya miaka ile ilikuwa vita vya Ulaya. Kaka zake wawili, Walter na John, walipigana Ufaransa. John aliporudi alizoea kumtania dada yake kwamba wanawake wa Kifaransa wamewazidi, maana wao hata ndege wanarusha.

Utani ule ulimwingia Bessie. Akaamua atakuwa rubani.

Mlango uliofungwa mara mbili

Wakati aliouchagua ulikuwa mbaya. Julai 1919 ghasia za rangi zililipuka Chicago, katika mitaa ya kusini walikoishi Weusi, na watu 38 wakauawa. Bessie aliomba nafasi katika shule za urubani za Marekani, na kila alipoomba alikataliwa, kwa kuwa alikuwa Mweusi na alikuwa mwanamke. Hata rubani Mweusi wa kumfundisha hakumpata.

Akaenda kumwona Robert S. Abbott, mwanzilishi wa Chicago Defender, gazeti la Weusi lililosomwa kwa wingi kuliko yote nchini. Abbott akampa ushauri wa kiutu uzima: ajifunze Kifaransa, aweke akiba, aende Ufaransa, ambako usafiri wa anga ulikuwa umepiga hatua na ubaguzi haukuwa mkali kama wa kwao. Bessie akajiandikisha kwenye masomo ya Kifaransa katika shule ya Berlitz mjini humo, akaongeza kazi ya pili katika mkahawa, na akapata msaada wa fedha kutoka kwa wafadhili, akiwamo mwenye benki Mweusi Jesse Binga. Novemba 20, 1920, akapanda meli kwenda Ufaransa.

Shule iliyompokea ilikuwa ya ndugu wa Caudron, katika mji wa pwani wa Le Crotoy. Jina la Caudron si geni kwa historia ya Taita Taveta. Mwaka 1915, wakati Wajerumani wakiishikilia Taveta waliyoiteka Agosti 1914, Waingereza walikata kiwanja cha ndege Maktau, kando ya reli iliyokuwa ikijengwa kutoka Voi kuelekea mpakani. Ndege zilizoruka hapo kupeleleza kambi za adui zilikuwa za aina ya Caudron, zilizobuniwa na ndugu haohao. Chini yake maelfu ya wapagazi wa Kiafrika, wale walioitwa Kariakoo, walibeba chakula na risasi vichwani. Watu wa Taita waliziona mashine hizo zikipita miaka mitano kabla Bessie hajaingia katika shule ya waliozitengeneza.

Yeye alijifunzia ndege aina ya Nieuport 82, mashine ya mbao na kitambaa yenye mabawa mawili yaliyopangwa moja juu ya jingine. Mwalimu alikaa mbele, mwanafunzi nyuma, na kila mmoja aliiongoza kwa fimbo nene iliyosimama mbele yake na mtaimbo wa kusukuma kwa miguu. Breki hazikuwapo. Kabla ya kila safari Bessie ilimbidi aikague ndege yote kwa mikono, waya kwa waya, kwa sababu mashine hizo zilikuwa na tabia ya kuharibika angani. Alimwona mwanafunzi mwenzake akifa kwa ajali. Hakufunga virago.

Masomo ya miezi kumi aliyamaliza kwa miezi saba. Juni 15, 1921, Shirikisho la Kimataifa la Usafiri wa Anga likampa leseni. Alikuwa mwanamke wa kwanza Mweusi kuipata, na pia wa kwanza mwenye asili ya wenyeji wa Marekani.

Yaweke matukio mawili bega kwa bega. Bessie aliporudi New York na leseni yake mnamo Septemba 1921, nchini Kenya wanaume wa Kiafrika, wa Taita wakiwamo, walikuwa wameanza kutembea na kipande shingoni. Vyote viwili vilikuwa karatasi zenye jina la mtu. Cha Kenya kilimfungia Mwafrika asitoke kwa mwajiri bila ruhusa. Cha Ufaransa kilimruhusu mwanamke Mweusi apae popote duniani.

Geti moja kwa wote

Leseni haikuleta mkate. Mashirika ya ndege za abiria yalikuwa bado machanga, na njia iliyobaki ya kupata riziki ilikuwa maonyesho: kupinduka hewani, kujiangusha kama jiwe na kuinuka karibu na ardhi, kuruka kwa mwavuli mbele ya watu waliolipa kiingilio. Kwa michezo hiyo ujuzi wa Bessie haukutosha, na Marekani bado hakukuwa na aliyekubali kumwongezea. Mwanzoni mwa 1922 akarudi Ulaya, akasoma tena Ufaransa, akafika Uholanzi na Ujerumani.

Septemba 3, 1922, akafanya onyesho lake la kwanza nchini mwake, katika kiwanja cha Curtiss karibu na New York. Lilikuwa la kuwaenzi askari wa kikosi cha Weusi cha 369 waliopigana Ufaransa, na lilidhaminiwa na gazeti la Abbott. Mwezi uliofuata akaruka Chicago, nyumbani. Watu wakaanza kumwita Malkia Bess.

Umaarufu ukaleta majaribu. Kampuni ya filamu ilimwajiri aigize, akakubali akitumaini fedha. Alipoambiwa kwamba katika tukio la kwanza atatokea amevaa matambara, na fimbo mkononi na furushi mgongoni, akaondoka. Hakutaka kuwauzia Wazungu picha waliyokuwa nayo tayari kuhusu watu wake. Uamuzi huo ulimgharimu marafiki waliokuwa na uwezo wa kumsaidia.

Februari 1923 aliruka kwenda kwenye onyesho karibu na Los Angeles. Injini ikazima angani. Ndege ikaanguka, akavunjika mguu na mbavu kadhaa, na ndege pekee aliyoimiliki ikawa chuma chakavu. Ilimchukua muda mrefu kusimama tena.

Aliporudi angani alirudi kwao, Texas. Juni 19, 1925, siku ambayo Weusi wa jimbo hilo husherehekea kukombolewa kutoka utumwani, aliruka Houston. Baadaye akapanga onyesho Waxahachie, mji wa utoto wake. Wenye uwanja walitaka Wazungu na Weusi waingie kwa mageti mawili tofauti. Bessie akasema: geti moja, au haruki. Walikubali geti moja, ingawa ndani watazamaji waliendelea kukaa kwa kutengana. Ushindi wa nusu, lakini katika Texas ya 1925, mtu aliyewahi kuvuna pamba mjini hapo kuwapangia wakubwa masharti halikuwa jambo la kawaida.

Nyuma ya haya yote kulikuwa na mpango mmoja: kufungua shule ya urubani itakayowapokea Weusi. Alitoa mihadhara makanisani na katika kumbi za sinema, na alipokuwa Orlando, Florida, akafungua duka la urembo ili kuongeza fedha za shule hiyo. Aliujua uchungu wa kuvuka bahari kutafuta mwalimu, na hakutaka anayemfuata auonje.

Spana

Mwanzoni mwa 1926 alinunua ndege nyingine huko Dallas, Curtiss aina ya Jenny, mashine kuukuu ya jeshi. Fundi wake, kijana wa Kizungu wa miaka 24 aitwaye William Wills, aliirusha kutoka Texas hadi Jacksonville, Florida, na njiani ikamlazimisha kutua mara tatu kwa hitilafu.

Aprili 30, 1926, Wills na Bessie waliruka kukagua kiwanja ambapo kesho yake Bessie angejitupa kwa mwavuli. Wills alishika usukani. Bessie hakufunga mkanda, maana alihitaji kuinama nje ya ndege atazame chini na kuchagua mahali pa kutua. Ghafla ndege ikainamisha pua, ikaanza kujizungusha, ikapinduka. Bessie akatupwa nje kutoka futi zipatazo 2,000 juu. Wills alianguka pamoja na ndege akafa. Wachunguzi walikuta spana iliyosahauliwa ndani ya ndege imejibana kwenye mitambo ya usukani. Kifaa cha kurekebishia ndege ndicho kilichoiangusha.

Bessie alikuwa na miaka 34.

Magazeti mengi ya Wazungu yaliandika zaidi habari za Wills, fundi, kuliko za mwanamke aliyekuwa mwenye ndege na mwenye onyesho. Hapo ajali ya Jacksonville na ya Voi zinafanana: rangi iliamua nani akumbukwe. Tofauti ni kwamba Bessie alikuwa na watu wenye gazeti. Chicago Defender liliibeba habari yake, na watu wapatao 10,000 wakajitokeza kumzika Chicago, ibada ikiongozwa na Ida B. Wells, mwandishi aliyepambana miaka mingi na mauaji ya Weusi.

Shule aliyoiota ilizaliwa baada yake. Mwaka 1929 William J. Powell alianzisha klabu ya urubani Los Angeles akaiita kwa jina la Bessie Coleman. Chicago nako marubani Weusi walijiunga, wakafundishana, na tangu 1931 wakaanza desturi ya kuruka juu ya kaburi lake na kudondosha maua. Katika kundi la Chicago alitoka Willa Brown, ambaye mwaka 1938 alipata leseni ya urubani hukohuko Marekani, bila kuvuka bahari. Shule yake na wenzake iliwaandaa vijana waliokuja kuwa marubani wa kivita wa Tuskegee. Mwaka 1992 Mae Jemison, mwanamke Mweusi wa kwanza kufika anga za juu, alikuwa na picha ya Bessie ndani ya chombo chake.

Kenya: wanawake waliruhusiwa, Waafrika hawakuonekana

Kwa desturi tunasema kwamba urubani ulikuwa kazi ya wanaume. Historia ya Kenya inakataa kidogo. Maia Carberry alikuwa akirusha ndege nchini miaka ya 1920, akafa kwa ajali Nairobi mwaka 1928 akimfundisha mwanafunzi. Mwaka 1929 Florence Wilson alianzisha kampuni ya ndege ya Wilson Airways. Ndilo jina lililobaki katika uwanja wa Wilson. Beryl Markham alipata leseni ya biashara mwaka 1933, akasafirisha barua na wagonjwa, na akafanya kazi ileile iliyomuua Denys, ya kuwatafutia wawindaji tembo kutoka angani katika nyika kama ya Voi. Septemba 1936 alivuka Bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Nova Scotia, Kanada, dhidi ya upepo, kwa zaidi ya saa 20.

Hawa walikuwa majasiri kweli, na hakuna sababu ya kuwapunja. Lakini wote watatu walikuwa Wazungu, na wote waliishi katika koloni ambamo mwanamke angeweza kumiliki kampuni ya ndege huku mwanamume wa Kitaita akidaiwa kipande barabarani. Jinsia ilikuwa kikwazo, ila cha kurukwa. Rangi ilikuwa ukuta. Ndiyo maana Bessie, aliyekumbana na vyote viwili kwa pamoja, ni kipimo kizuri zaidi cha ugumu wa safari hii.

Baada ya Uhuru sheria za rangi ziliondoka, lakini chumba cha marubani kilibaki cha wanaume kwa muda mrefu. Mwanamke aliyekibadilisha katika shirika la taifa ni Irene Koki Mutungi, aliyezaliwa 1976, binti wa rubani. Alimaliza Moi Girls, Nairobi, akaanza masomo ya urubani Wilson mwaka 1993, akaendelea Oklahoma City, Marekani. Jimbo hilohilo la Oklahoma ndilo lililomwona Bessie akiacha chuo kwa kukosa karo.

Mwaka 1995 Kenya Airways ilimwajiri Koki, mwanamke wa kwanza katika safu yake ya marubani, na kwa miaka sita iliyofuata hakuwa na mwenzake wa kike. Akapanda hadi ukapteni, na mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza barani Afrika kuidhinishwa kuwa kapteni wa Boeing 787 Dreamliner.

Leo kijana wa Voi anayetaka leseni ya rubani binafsi anatakiwa awe ametimiza miaka 17, apimwe afya, afaulu mitihani ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na aruke si chini ya saa 40. Atakaye kuajiriwa anahitaji leseni ya biashara, na hapo saa hufika 200. Rangi haimo katika masharti, wala jinsia. Kilichobaki ni gharama: kila saa ya angani ni mafuta, ni mwalimu, ni kodi ya ndege, na jumla yake ni mamilioni ya shilingi. Mzazi anayekata mkonge au kuuza mboga sokoni Wundanyi hawezi kuzitoa mfukoni.

Bessie naye hakuzitoa mfukoni peke yake. Alikuwa na akiba ya kucha na sahani, na juu yake Abbott na Binga. Wanaogawa basari za kaunti na za maeneo bunge wanaweza kuwa Abbott na Binga wa Taita Taveta, hata kwa kumsomesha mwanafunzi mmoja tu kwa mwaka, aliyechaguliwa kwa alama zake za hesabu na fizikia. Na walimu wa masomo hayo Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta wasisubiri kamati: msichana anayetoka mbio darasani kutazama kila ndege ya Shirika la Wanyamapori (KWS) inayoelekea Tsavo wanamjua tayari. Wamwite, wamweleze saa 40 na saa 200 ni nini, na wamsaidie kuandika barua ya kwanza ya kuomba mfadhili.